Giaboksi ya Otomatiki na Msokoto wa Injini ya Dizeli: Mwongozo kwa Magari ya Turkana

Giaboksi ya otomatiki iliyoundwa kwa ajili ya dizeli huhimili msokoto wa injini ya lori, na mara nyingine huuhimili zaidi kuliko giaboksi ya manuali iliyofungwa kwenye injini hiyohiyo. Inayokufa mapema ni ile iliyopewa injini isiyo yake, mzigo usio wake, au joto lisilo na pa kutokea. Kwenye njia ya kutoka Lodwar kuelekea Lokitaung kupitia Kaaleng, ambako gari hujikokota mchangani kwa gia ndogo wakati hewa yenyewe ni ya moto, hilo la tatu ndilo la kuogopwa zaidi, na ndilo ambalo wanunuzi wengi husahau kuliuliza.

Msokoto ni nguvu ya kuzungusha, na hupimwa kwa newtoni-mita, yaani Nm. Uzito wa kilo 10 ukining'inizwa kwenye ncha ya spana ya mita 1 iliyolala, nati hupata karibu 100 Nm. Injini ya 1HZ ya lita 4.2, ile isiyo na tabo ambayo imeisukuma Land Cruiser ya mashirika na serikali kaskazini mwa Kenya kwa miaka mingi, hutoa 285 Nm. Hilux ya lita 2.8 iliyotolewa mwaka 2020 hufika 500 Nm. Malori ya kati ya Isuzu yenye injini ya lita 7.8 hukaribia au kupita 700 Nm, na Actros 1844 inayovuta trela hutoa karibu 2,100 Nm. Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya mara saba, kwa hiyo swali la kama otomatiki inavumilia dizeli halina jibu moja kabla injini na giaboksi hazijatajwa.

Dizeli huitesa giaboksi kwa namna mbili. Kwanza, huwasha mafuta kwa kuibana hewa zaidi kuliko injini ya petroli, hivyo kila silinda inapolipuka kranki hupokea pigo zito. Mapigo hayo hupita hadi kwenye giaboksi kama mtetemo, na chuma chembamba huchoka. Pili, dizeli hutoa msokoto wake wa juu kabisa injini ikiwa bado inazunguka polepole, mara nyingi kati ya mizunguko 1,200 na 2,000 kwa dakika. Pampu ya oili ndani ya giaboksi ya otomatiki huendeshwa na injini yenyewe. Maana yake, nguvu kubwa kuliko zote hufika wakati pampu haijashika kasi, na klachi za ndani zinabanwa na presha ya oili tu. Giaboksi ya petroli ilipangwa kwa hali ya kinyume: msokoto mdogo, mizunguko mingi.

Si kila gari lisilo na pedali ya klachi lina giaboksi ya aina moja, na hapa ndipo wanunuzi huchanganyikiwa. Aina ya kwanza ni otomatiki kamili, yenye konvata badala ya klachi kavu, na nyuma yake seti za gia za sayari zinazoshikwa na kuachiliwa na klachi zilizozama kwenye oili. Ndiyo iliyomo kwenye Land Cruiser, Hilux, na malori yenye giaboksi za Allison au Aisin. Aina ya pili ni giaboksi ya manuali yenye mikono ya hewa au umeme: gia zake ni za kawaida, klachi yake ni kavu ya kawaida, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi na kuvuta gia. I-Shift ya Volvo, iliyoanza mwaka 2001, Opticruise ya Scania na PowerShift ya Mercedes-Benz ziko kundi hili. Kuna pia mchanganyiko: Smoother ya Isuzu, na Duonic yenye klachi mbili ambayo Fuso iliiweka kwenye Canter mwaka 2010. Kwa msokoto mtupu, aina ya pili haina shaka yoyote. Volvo FH16 ya nguvu farasi 750 hupitisha 3,550 Nm kwenye I-Shift, na mwaka 2016 kampuni hiyo ilitoa I-Shift yenye gia za kutambaa kwa mizigo inayofika tani 325. Aina ya kwanza ndiyo inayoulizwa maswali.

Konvata ni chungu cha chuma kilichojaa oili. Ndani yake kuna pangaboi mbili zinazotazamana, moja ikizungushwa na injini, nyingine ikizungusha giaboksi, na katikati yake gurudumu dogo linaloirudisha oili kwa pembe sahihi. Oili inaporudi hivyo, msokoto unaotoka huzidi ulioingia. Gari likiwa limesimama na dereva amekanyaga mafuta, ongezeko hilo hufika karibu mara mbili. Injini ya 500 Nm basi huipelekea shafti ya kuingilia ya giaboksi karibu 1,000 Nm wakati wa kuanza safari. Ndiyo maana watengenezaji wa giaboksi za malori hutaja takwimu mbili, msokoto unaotoka kwenye injini na msokoto unaotoka kwenye konvata, na giaboksi inaweza kufaulu kwa ya kwanza ikashindwa kwa ya pili. Mnunuzi anayelinganisha takwimu moja tu hajamaliza hesabu. Kuna takwimu ya tatu, uzito wa gari na mzigo wake, ambayo huonekana haihusiani na msokoto ila huamua ni kwa muda gani konvata itateseka kila gari linapoondoka.

Ushahidi kwamba mambo haya yanawezekana ni wa zamani na uko wazi. Mwaka 1989 Dodge ya Marekani iliweka injini ya Cummins ya lita 5.9, yenye karibu 540 Nm, kwenye pikapu zake, na kuifunga kwenye otomatiki ya gia tatu iliyokuwa na asili ya petroli. Ilifanya kazi, lakini konvata yake haikuwa na klachi ya kujifunga, yaani ile inayounganisha pangaboi mbili moja kwa moja bila mtelezo, na joto likawa tatizo lake la kudumu. Mwaka 2001 General Motors ilifunga Allison 1000 nyuma ya dizeli ya lita 6.6 iliyotengenezwa kwa ushirika na Isuzu, ikitoa takriban 705 Nm, na giaboksi hiyo ikajipatia jina la uimara. Mfano unaofundisha zaidi ni wa Ram ya mwaka 2013: injini moja ya Cummins ya lita 6.7 iliuzwa ikiwa imewekewa takriban 895 Nm kwa giaboksi ya manuali, takriban 1,085 Nm kwa otomatiki ya kawaida, na takriban 1,150 Nm kwa otomatiki ya Aisin. Iliyobanwa hapo ni manuali. Hilux ya 2.8 inasema vivyo hivyo: yenye otomatiki huruhusiwa 500 Nm, yenye manuali 420 Nm. Land Cruiser ya 70 ilipopewa injini hiyo mwaka 2023 ilikuja na otomatiki ya gia sita na 500 Nm, wakati V8 ya lita 4.5 iliyotangulia, yenye manuali, ilikuwa na 430 Nm.

Otomatiki hupata uvumilivu huo kwa sababu konvata humeza mapigo ya kranki kabla hayajagonga meno ya gia, na gia za sayari hugawana mzigo kati ya meno kadhaa kwa wakati mmoja. Pia kompyuta hupunguza mafuta kwa sehemu ya sekunde gia inapobadilika, ili klachi zishike bila kuteleza. Giaboksi ya zamani isiyo na kompyuta hiyo, au iliyofungwa kwenye injini ya pampu ya makenika isiyoweza kupokea amri, hukosa kinga hii, na ni jambo la kutazamwa kabla ya kubadilisha injini.

Turkana huongeza mambo yake. Barabara ya A1 hutoka Kitale, hupita Kapenguria kwenye mwinuko unaozidi mita 2,000, hushuka Marich, kisha hunyoosha kupitia Kainuk na Lokichar hadi Lodwar, mita 500 hivi juu ya bahari, na kuendelea Kakuma, Lokichoggio na Nadapal mpakani mwa Sudan Kusini. Lami hiyo si mateso kwa otomatiki. Konvata hujifunga, oili hupoa, na gari huenda kwa amani. Kazi ngumu kwenye A1 ni kupanda kutoka Marich hadi Kapenguria kwa gari lililobeba. Nje ya lami mambo hugeuka: vijia vya mchanga, mawe, na laga zinazokatiza njia, ambazo huwa kavu kwa miezi na siku moja zikashuka maji. Hapo konvata haijifungi, kwa sababu gari halifiki kasi ya kujifunga.

Hesabu ya joto lake inastahili kufanywa waziwazi. Injini inayotoa 500 Nm kwa mizunguko 1,800 huzalisha karibu kilowati 94. Konvata isiyofungwa, gari likijikokota kwenye mchanga mzito, inaweza kupitisha asilimia 60 tu ya nguvu hiyo. Zinazobaki, karibu kilowati 38, huwa joto ndani ya oili. Ni sawa na mabirika 19 ya umeme ya kilowati 2 yakitia joto lake lote kwenye sufuria yenye lita 12 za oili. Kama hakuna kipoza, na chuma kisipohesabiwa, oili hiyo ingepanda karibu nyuzi 2 kila sekunde. Chuma cha giaboksi hunyonya sehemu ya joto na kipoza huondoa nyingine, lakini dakika mbili za kukwama kwenye laga huku injini ikinguruma zinatosha kuharibu oili iliyokuwa nzima asubuhi.

Kipoza nacho hufanya kazi kwa tofauti kati ya joto la oili na joto la hewa. Oili ikiwa nyuzi 95 na hewa ya Limuru nyuzi 18, tofauti ni 77. Mchana wa Lodwar hewa ikifika nyuzi 38, tofauti hushuka hadi 57, na kipoza kilekile kimepoteza robo ya uwezo wake kabla gari halijapakiwa. Vumbi likijaa kwenye mapezi yake, hupotea zaidi. Giaboksi iliyosifiwa Nairobi kwa uvumilivu inaweza kuonekana dhaifu Kaaleng bila chuma chake kubadilika hata kidogo.

Oili ya otomatiki hupenda kukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Kupanda mlima kwa nyuzi 110 au 115 kwa muda mfupi si hatari. Ikipita 130, gari lisimamishwe. Ikikaribia 150, mipira ya kuzibia hukauka na karatasi za klachi huungua. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hali ya kawaida hupunguza nusu ya maisha ya oili. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua kwa gari la otomatiki linalokwenda kaskazini ya Lodwar ni mita ya joto la oili ya giaboksi, iwekwe mahali dereva anapoiona. Cha pili ni kipoza cha ziada chenye feni yake ya umeme, kifungwe pale ambapo mawe hayakifikii na kinaweza kupulizwa vumbi kila wiki. Vifaa hivi viwili vinaokoa giaboksi nyingi kuliko ubishi wowote kuhusu Nm.

Anayenunua gari lililotumika huanza na kibati cha injini na kibati cha giaboksi, si maneno ya muuzaji. Baadhi ya majina ya giaboksi yenyewe yanasema: 8HP70 ya ZF imepangwa kwa karibu 700 Nm, na 8HP90 kwa 900. Kwa nyingine, takwimu hutafutwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kiwango cha giaboksi kikizidi msokoto wa injini kwa asilimia 15 au 20, kuna nafasi ya kutosha kwa kazi ya Turkana. Vikilingana kabisa, gari hilo linafaa lami. Kisha oili huchukuliwa kidogo na kunuswa. Nyekundu safi ni njema, kahawia yenye harufu ya kuungua ni klachi zilizokwisha kuteleza, na rangi ya maziwa ya waridi ni maji yaliyoingia, mara nyingi kutoka kwenye kipoza kilicho ndani ya redieta. Gari hujaribiwa likiwa limepata moto, kwa sababu klachi iliyochoka hushika vizuri ikiwa baridi. Kwenye lami, kwa kasi tulivu ya kilomita 70 au 80, sindano ya mizunguko inapaswa kushuka mara moja, kama 200 hadi 400, konvata inapojifunga. Isiposhuka, gari hilo litachemka hata kwenye tambarare. Jaribio la kushika breki na kukanyaga mafuta hadi mwisho lisizidi sekunde 5, na lisirudiwe kabla oili haijapoa, maana limeharibu giaboksi nyingi zilizokuwa nzima.

Kubadilisha injini kunahitaji uangalifu zaidi. Fundi anayetoa injini ya petroli na kuweka dizeli akiiacha otomatiki ya zamani amebakiza konvata iliyopangwa kuteleza hadi mizunguko 2,200 au 2,500. Dizeli inayomaliza kazi yake nzuri kwenye 2,000 haitaitoa konvata hiyo kwenye mtelezo, na itaipika. Nukta za kubadilisha gia nazo ni za petroli: giaboksi husubiri mizunguko ambayo dizeli haifiki kamwe. Konvata ya dizeli, presha iliyopandishwa na ratiba mpya ya gia ni sharti; bila hivyo ni afadhali manuali. Hali ni hiyohiyo kwa wanaoongeza tabo au kubadilisha programu ya injini. Asilimia 30 ya ziada inayofurahisha mguuni huishia kwenye klachi ambazo hakuna aliyeziongezea karatasi hata moja.

Mchangani, otomatiki kamili ina sifa ambayo manuali haina: haikati nguvu wakati wa kubadilisha gia. Lori la manuali, na lile la manuali yenye mikono ya kompyuta, hupumzika kwa nukta kila gia inapobadilika, na mchanga mzito hutumia nukta hiyo kulisimamisha. Aina hiyo ya pili ina udhaifu mwingine. Klachi yake ni kavu, na dereva anayelitambaza lori kwa kugusa mafuta kidogo kidogo hushikisha klachi nusu bila kujua. Kwa hiyo gia hufungwa kwa mkono, moja au mbili, kabla ya kuingia laga, na haibadilishwi hadi ng'ambo. Kwenye otomatiki kamili ya magurudumu manne, dereva huingiza gia ndogo za boksi la pili mapema, maana gia hizo hulipa gari nguvu bila kuilazimisha konvata kuteleza. Presha ya matairi hupunguzwa kabla ya mchanga, si baada ya kukwama. Kurusha gari mbele na nyuma kwa kuchomoa D na kuingiza R huku magurudumu yakizunguka ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuvunja seti za sayari. Gari likitoka, huachwa bila gia, injini ikizunguka kwenye 1,000 au 1,200, hadi sindano ya joto irudi, kwa sababu kuizima injini husimamisha pampu na kuacha joto lote limekaa ndani.

Kushuka kuelekea Marich nako kuna sheria yake. Konvata isiyofungwa hushika gari kidogo sana, kwa hiyo gia ndogo huchaguliwa kabla ya mteremko, na breki ya moshi hufanya kazi kikamilifu pale tu konvata imejifunga. Giaboksi zenye ritada ya oili ndani, kama baadhi za Allison, hutupa joto la kushuka kwenye oili ileile, hivyo mita hutazamwa kwa makini kuteremka kama kupanda.

Oili hubadilishwa nusu ya muda ulioandikwa kwa matumizi ya kawaida, pamoja na chujio lake, na kwa aina aliyoitaja mtengenezaji pekee. Allison iliyopangiwa oili ya TES 295 haipewi ya Land Cruiser kwa sababu zote ni nyekundu. Mpira wa pumzi wa giaboksi huinuliwa hadi juu ya injini, la sivyo giaboksi yenye moto ikizama kwenye maji ya laga hunywa maji hayo.

Lipo pia suala la fundi, na linapaswa kuamua ununuzi kama takwimu zozote. Klachi ya lori la manuali hubadilishwa chini ya mti kwa jeki na spana. Otomatiki iliyoungua huhitaji chumba kisafi, mashine ya kupima na vipuri, na kwa kawaida hupelekwa Eldoret au Nairobi. Kwa gari moja la mfanyabiashara wa Kaaleng anayetegemea safari za kila wiki, manuali bado ni chaguo la busara. Kwa shirika lenye magari mengi Kakuma, madereva wanaobadilishana na karakana yake, otomatiki iliyopangwa sawasawa hupunguza klachi zinazoungua na difu zinazovunjwa kwa kuachia klachi ghafla.

Likiharibika njiani, gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa hiyo betri ya pili au nyaya za kuunganishia hubebwa daima. Wala halivutwi kwa kamba magurudumu yakiwa chini, maana injini iliyozimika haizungushi pampu na gia huzunguka kavu. Kabla ya kulivuta, propela hufunguliwa kutoka kwenye difu na kufungwa juu kwa waya, zote mbili kama ni la magurudumu manne, na nati zake hutiwa kwenye mfuko mmoja uliowekwa kwenye kabati la gari. Pasipo spana ya kufungulia propela, gari hupakiwa juu ya lori jingine, au husubiri.